Nusu dozi mpakani ni hasara kwa wote

Neno bodaboda, ambalo limeenea kote Afrika Mashariki, lina asili yake Busia, kwa vijana waliowavusha wasafiri mpaka kwa baiskeli. Mpaka huo, pamoja na ule wa Malaba, umezoea kuvukwa. Huvuka mahindi, samaki, nguo na madereva wa malori. Huvuka pia homa, na dawa ya homa.

Katika miji hiyo miwili, duka la dawa ndilo daktari wa kwanza wa mnyonge. Halidai kadi wala halimpangi mtu foleni, na aghalabu huwa wazi usiku wakati mtoto amechemka mwili. Mchuuzi asiyeweza kuacha biashara yake kutwa nzima huingia dukani, akaeleza maumivu yake na kuondoka na dawa kwa muda mfupi. Anayelidharau duka hilo hajui maisha ya mpakani.

Hata hivyo, wengi wetu tunalitumia duka la dawa kana kwamba ni duka la sukari. Tunataja rangi ya tembe badala ya kueleza ugonjwa, na tunanunua kulingana na uzito wa mfuko. Dozi kamili ya dawa ya malaria inayotumika sana, kwa mtu mzima, ni tembe 24 kwa siku tatu: nne kila mara, ya pili ikifuata saa nane baada ya ya kwanza. Mwenye fedha chache huomba nusu. Mwingine hupata nafuu siku ya pili, akaweka zilizosalia kwa ajili ya jirani. Mtu huyo si mjinga. Anapiga hesabu ya unga na kodi ya nyumba. Lakini vimelea vya malaria havijui hesabu hiyo. Vinavyonusurika ndivyo vinavyozaana.

Historia imetufunza gharama yake. Mwaka 1998 Kenya iliacha kutegemea klorokwini kwa kuwa malaria ilikuwa imeizoea. Dawa iliyofuata nayo ikadhoofika, hata mwaka 2004 sera ikageuzwa tena kuelekea dawa mseto zenye atemisinini. Sasa utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha dalili za usugu dhidi ya atemisinini kaskazini mwa Uganda. Kwa mkazi wa Malaba, hiyo si habari ya ng'ambo. Mbu hana pasipoti.

Pengine wahusika watajibu kwamba dawa ni kuwaandama wenye maduka yasiyo na leseni. Sheria ya Famasia na Sumu ipo tangu mwaka 1957, na Bodi inayoisimamia ina wajibu wa kuitekeleza. Asiyesomea kazi hiyo hana haki ya kucheza na uhai wa watu. Hata hivyo, msako peke yake hautoshi. Duka likifungwa pasipo badala yake, mgonjwa atamwendea mchuuzi wa mkobani, ambaye hana rafu, hana daftari, wala hana anwani ya kurudiwa dawa ikidhuru.

Yafaa hatua tatu. Kwanza, kipimo cha haraka cha malaria, kinachohitaji tone la damu na robo saa hivi, kipatikane kwa bei nafuu katika maduka yenye wataalamu, ili asiye na malaria asinunue dawa ya malaria. Pili, ikiwa maafisa wa forodha wa nchi mbili waliwekwa chini ya paa moja katika kituo cha Busia kilichozinduliwa mwaka 2018, Bodi yetu na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1993, hazina kisingizio cha kukagua kila moja upande wake bila kupashana habari. Tatu, serikali ya kaunti ihakikishe zahanati zina dawa, kwani anayekuta rafu tupu husukumwa kununua nusu.

Nasi wanunuzi tuna wajibu. Tuulize: anayeniuzia ni mfamasia? Leseni yake iko wapi? Dawa hii inakwisha muda lini? Je, ina alama ya serikali kwamba haiuzwi? Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atakayekasirika ametupa jibu, na mlango tulioingilia ndio wa kutokea.