Kijana na Uta Wake

Katika Suratul-Anfal, aya ya 60, tumeamrishwa kuandaa nguvu, na Mtume (S.A.W.) aliieleza nguvu hiyo kuwa ni kutupa mishale. Kijana atakaye kuchonga uta na atwae mti ulionyoka usio na fundo, kama mkole, aukaushe kivulini. Upande utakaoelekea shabaha auambue ganda tu, asiutie kisu. Nyuzi za mti zikikatwa hapo uta huvunjika, na kipande chaweza kumpofua mtu. Achonge upande wa ndani, kidogo kidogo, akiupinda na kuutazama: ncha iliyo ngumu ndiyo ipunguzwe, hata zipindike sawasawa. Nyuta nyingi za wanaojifunza huvunjwa na haraka, si ubaya wa mti. Wala asivute upote akauachia bila ya mshale, hata kwa mchezo, kwani nguvu yote huurudia mti.