Mabingwa wa sataranji hawatupi mchezo walioshindwa

Kuna kauli moja iliyozagaa katika shule zetu, na madhara yake ni makubwa kuliko wanavyodhani waitoao. Mwanafunzi akiinamia ubao wa sataranji, au chesi kama vijana wengi waitavyo, akamshinda mwenzake kwa hatua chache, watu husema: "Huyo amezaliwa na akili." Aliyeshindwa naye huambiwa kwamba mchezo huo si wa watu wa aina yake. Basi mambo huishia hapo. Mmoja amevishwa sifa asiyoitolea jasho, na mwingine amefungiwa mlango kabla hajabisha hodi.

Mimi naipinga kauli hiyo, na mashahidi wangu ni mabingwa wenyewe.

Sataranji ni mchezo mkongwe. Ulianzia Bara Hindi, ukapitia Uajemi na nchi za Kiarabu kabla ya kufika Ulaya, na jina tulilo nalo katika Kiswahili limepitia njia hiyo hiyo. Hata neno shaha, tunalolitumia kwa mshairi anayewapiku malenga wenzake, asili yake ni mfalme wa Uajemi, na ndiye mfalme yule wa ubaoni. Kila mchezaji ana kete 16 katika ubao wa miraba 64. Hakuna dadu ya kurushwa wala karata iliyofichwa. Yote yapo hadharani mbele ya macho ya wote wawili, na kwa hiyo aliyeshindwa hana bahati mbaya ya kusingizia. Nadhani hapo ndipo penye uzito wa mchezo huu kwa mtu yeyote anayehusika na elimu.

Adriaan de Groot, mwanasaikolojia Mholanzi ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, aliwachunguza mabingwa wa enzi yake na kuchapisha matokeo mwaka 1946. Aliwawekea hali fulani ya mchezo ubaoni, akawataka wafikiri kwa sauti. Wengi wetu tungetarajia bingwa aone mbali mno, pale ambapo mchezaji wa kawaida haoni kitu. Haikuwa hivyo. Umbali waliouona haukutofautiana sana. Tofauti ni kwamba bingwa, tangu mwanzo, alizitazama zile hatua zilizostahili kutazamwa, ilhali mwenzake alipoteza muda kwa zisizofaa.

Mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, waliuendeleza uchunguzi huo. Walimwonyesha mchezaji ubao wenye kete ishirini na kitu kwa sekunde 5 tu, wakauficha, kisha wakamtaka azipange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka katika mchezo wa kweli, bingwa aliziweka takriban 16 mahali pake. Anayeanza aliweka 4 hivi. Hapo mtu angesema, tazama kumbukumbu ya ajabu! Lakini kete hizo zilipotawanywa ovyo, pasipo mantiki ya mchezo, bingwa alianguka akawa karibu sawa na anayeanza. Kumbe hakuwa na kichwa cha ajabu. Alikuwa na maana. Ni kama msomaji wa Kiswahili anayeliona neno "mwanafunzi" kuwa kitu kimoja, ilhali asiyeijua lugha anaona herufi 10 zisizo na udugu.

Maana hiyo haikaririwi. Hupatikana kwa mchezo uliochezwa kisha ukarudiwa na kuchunguzwa, hasa ule ulioleta machungu.

Mtazameni José Raúl Capablanca, Mkuba aliyezaliwa Havana mwaka 1888. Yasimuliwa kwamba alijifunza akiwa na umri wa miaka 4 kwa kumtazama baba yake akicheza. Kama kuna mtu aliyezaliwa na kipaji, ndiye huyo. Akawa bingwa wa dunia mwaka 1921, na kati ya 1916 na 1924 hakushindwa hata mchezo mmoja wa mashindano. Mwaka 1927 alikutana huko Buenos Aires na Alexander Alekhine, Mrusi aliyekuwa amehamia Ufaransa, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kumshinda Capablanca hata mara moja. Ni nani angeuweka ubingwa katika mikono ya Alekhine? Lakini mtu huyo alikuwa ameketi na michezo ya mpinzani wake, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mahali ambapo mwamba ule una ufa. Walicheza michezo 34. Alekhine alishinda 6, Capablanca 3, na 25 ikaisha sare. Ubingwa ukaondoka, na hadi Capablanca alipofariki mwaka 1942 hakupewa nafasi nyingine ya kuutafuta. Katika suala hilo la pili sina sifa za kumpa Alekhine. Aliyeshinda kwa haki hapaswi kukwepa marudio.

Yeye mwenyewe alinyang'anywa taji mwaka 1935, na mwalimu wa hisabati! Max Euwe alikuwa akifundisha wasichana huko Amsterdam, na sataranji aliicheza kama mtu mwenye kazi nyingine. Alekhine alijipanga upya na kulirejesha taji mwaka 1937. Nawaomba walimu wa hisabati walikumbuke jina la Euwe wanapoambiwa kwamba kazi yao haiachi nafasi ya jambo lolote lingine.

Lakini gwiji ninayemstahi kuliko wote katika jambo hili ni Mikhail Botvinnik wa Muungano wa Kisovieti, aliyekuwa mhandisi wa umeme. Huyu alikuwa na desturi ya kuandika maelezo ya michezo yake na kuyachapisha, ili wengine wayakosoe. Fikirini ujasiri wa jambo hilo: bingwa anaanika fikira zake mbele ya wapinzani wake, kwa kuwa aliona ni heri akosolewe gazetini kuliko kukosea tena ubaoni. Kwa vile moshi wa sigara ulimsumbua, alifanya mazoezi na rafiki aliyekuwa akivuta makusudi karibu naye. Mwaka 1957 alishindwa na Vasily Smyslov. Mwaka 1958 akautwaa tena ubingwa. Mwaka 1960 akashindwa na Mikhail Tal, kijana wa miaka 23 aliyecheza kama moto wa nyika. Watu wakasema mzee amekwisha. Mwaka uliofuata, akikaribia umri wa miaka 50, mzee huyo alimshinda Tal kwa pointi 13 kwa 8. Hakuwa amepata akili mpya katika miezi 12. Alikuwa ameuchambua ushinde wake.

Botvinnik alikuwa na shule yake, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Anatoly Karpov, Garry Kasparov na Vladimir Kramnik, wote wakawa mabingwa wa dunia. Kasparov ndiye aliyeudhihirisha mafunzo hayo kwa namna ya kutisha. Septemba 1984, mjini Moscow, alianza kupambana na Karpov. Wa kwanza kushinda michezo 6 angekuwa bingwa. Baada ya michezo 9 Karpov alikuwa ameshinda 4. Katika mchezo wa 27 akapata wa tano. Kijana alikuwa hana hata mmoja, na mwenzake alihitaji mmoja tu. Mwingine angeinuka akaenda nyumbani. Kasparov alikaa, akatafuta sare baada ya sare, huku akijifunza kwa yule yule aliyekuwa akimwadhibu. Akashinda wa 32, kisha wa 47, kisha wa 48, na Februari 1985 shirikisho la kimataifa likalisimamisha pambano. Novemba mwaka huo, katika pambano jipya, akawa bingwa akiwa na miaka 22.

Sitaki nieleweke kwamba kipaji hakipo. Huko Hungaria, László Polgár aliamua kuwalea binti zake watatu katika sataranji, akishikilia kwamba wajuzi huundwa. Wote watatu walikuwa wachezaji mahiri. Judit, kitindamimba, alipata cheo cha juu kabisa cha mchezo huo mwaka 1991 akiwa na miaka 15, umri mdogo kuliko aliokuwa nao Bobby Fischer mwaka 1958, na baadaye akafika nafasi ya 8 duniani bila kutenganisha wanaume na wanawake. Dada zake hawakufika hapo. Malezi yalikuwa mamoja, matunda hayakulingana. Ninachosema ni kwamba bila malezi hayo tusingelijua jina la hata mmoja wao.

Wala si lazima twende Ulaya. Phiona Mutesi alilelewa katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, na alikuwa haendi shule alipoukuta mchezo huu kwa Robert Katende, aliyekuwa akiwapa watoto uji na ubao. Aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya mataifa mwaka 2010 na 2012. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2016 ilimshirikisha Lupita Nyong'o wetu kama mama yake. Je, kabla ya uji ule, ni nani angesema kwamba mtoto huyo amezaliwa na akili?

Sasa nigeukie darasani. Karatasi ya mtihani hurudishwa ikiwa na alama nyekundu juu yake. Mwanafunzi huitazama alama, humwuliza jirani yake ana ngapi, hufurahi au hununa, kisha karatasi hukunjwa na kutiwa chini ya dawati. Siku iliyofuata mwalimu yuko katika mada nyingine kwa kuwa silabasi inamkimbiza. Muhula ujao makosa yale yale hurudi, yakiwa na mwandiko ule ule. Najua darasa lina wanafunzi 50 na zaidi, na mwalimu ana madarasa manne ya namna hiyo. Hata hivyo nauliza: ikiwa Botvinnik aliona mchezo mmoja alioshindwa unastahili siku kadhaa za kufikiri, je, mtihani wa muhula mzima haustahili hata vipindi viwili? Baraza la Mitihani la Kitaifa hutoa ripoti zinazoonyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Ni shule ngapi ambazo wanafunzi wenyewe, wala si mwalimu mkuu peke yake, wamewahi kuzisoma?

Kuna hatari mpya pia. Mwaka 1997, mjini New York, Kasparov alishindwa na kompyuta ya kampuni ya IBM. Leo programu iliyo katika simu ya mkononi ina nguvu kuliko bingwa yeyote aliye hai, na humwambia mchezaji kosa lake papo hapo. Ni msaada mkubwa kwa anayejiuliza kwanza. Kwa asiyejiuliza ni sawa na kunakili majibu yaliyo nyuma ya kitabu cha hesabu: hatua sahihi ameiona, lakini kwa nini yake haikufaa hajui, na kesho ataicheza tena.

Shule nyingi zina chama cha sataranji, na pengine huko ndiko pa kuanzia. Walezi wa vyama hivyo wawatake wanafunzi waandike kila hatua wanayocheza. Mistari wima ya ubao ina herufi a hadi h, ya mlalo ina nambari 1 hadi 8, na kinachohitajika ni penseli na daftari. Mchezo ukiisha, washindani wasikimbilie kupanga kete upya. Mabingwa wana desturi nzuri: wakishapeana mikono, mara nyingi aliyeshinda na aliyeshindwa hubaki hapo hapo, wakarudi nyuma pamoja hadi kwenye hatua iliyoharibu mambo, na kila mmoja akamwambia mwenzake alikuwa akifikiria nini. Wakizoea hayo kwenye ubao, mwalimu wa kemia awape karatasi zao za mtihani wawili wawili, aliyepata swali la tatu na aliyelikosa, na awaachie dakika 40.