Kabla kaunti inunue roboti ya majini, iulize mapezi

Unakumbuka Likoni? Gari lilitumbukia kutoka kwa feri Septemba 29, 2019, likatolewa Oktoba 11. Hiyo ni Mombasa, kamera zote za nchi zikitazama. Sasa jiulize: mashua ikizama usiku Muhuru Bay au Mbita, nani atatafuta chini? Mara nyingi ni wavuvi wenyewe na wapiga mbizi.

Roboti za kazi hiyo zipo, na siku moja muuzaji atabisha hodi Migori na Homa Bay. Asilipwe kabla ya kuulizwa kuhusu mapezi.

Pezi hugeuza chombo kwa kusukumwa na maji yanayolipita. Punguza kasi nusu, nguvu inabaki robo tu. Nahodha wa mashua anajua hili bila darasa: chombo kikisimama, usukani ni pambo.

Kwa hivyo roboti nyembamba yenye mapezi inafaa kupekua eneo kubwa. Ya kutulia mahali pamoja na kukagua inahitaji propela kila upande. Tena Ghuba ya Winam ina tope na magugumaji. Kamera haioni mbali, lazima sona. Pezi lililosimama wima hunasa magugu. Lililolala kuelekea nyuma huyaachilia yateleze.

Vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya viko hapo hapo. Mwambie MCA wako: zabuni ianze na ziwa letu, wanafunzi wakiwa mezani, si na katalogi ya baharini. Familia inayosubiri ufuoni haili katalogi, bana.