Samaki wadogo wa Bukama



Juma lililopita tulienda soko kutafuta kitoweo. Tulipata rundo la samaki wa kukauka, wadogo kama kidole cha mtoto, bei yake rahisi. Tukanunua, tukapika na sombe, watoto wakala bukari wakashiba. Kesho yake darasani mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, samaki wale wanatoka wapi?" Tukaona swali hilo ni letu pia, sisi wamama tunaonunua.

Wengi wanatoka upande wa Bukama. Mto Lualaba unapita karibu na Kolwezi, unajaza ziwa la Nzilo, unashuka kwa nguvu katikati ya mawe, halafu unafika Bukama na kutawanyika katika bonde la maziwa. Makubwa ni Upemba na Kisale. Ni nchi ya mafunjo, viboko, mamba na ndege wa kila namna.

Sehemu ya bonde hilo imo ndani ya Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa tarehe 15 Mei 1939. Leo mbuga ina kilomita za mraba karibu 11,730. Chini kuna maji na matope. Juu kuna milima ya Kibara, inayopita mita 1,700, yenye majani mafupi na baridi ya asubuhi. Huko juu wanaishi pundamilia wa mwisho waliobaki katika Congo yetu. Tembo nao wapo, lakini wamebaki wachache sana, kwa sababu ya bunduki na biashara ya meno.

Bonde hili lina historia yake. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta vyungu vizuri na misalaba midogo ya shaba. Bondeni hakuna shaba. Ilitoka katika nchi za shaba kama yetu. Basi watu wa shaba na watu wa maziwa wanajuana tangu zamani.

Sasa turudi kwenye sufuria. Mvua ikinyesha sana, maji yanafurika ndani ya mafunjo, na humo samaki wanazaa. Mtu akipitisha hapo chandarua cha mbu, anabeba hata watoto wa samaki ambao hawajafika kuzaa. Rundo letu la juma lililopita lilikuwa namna hiyo. Samaki mmoja mkubwa wa kesho, tumemkula leo kwa kijiko.

Hatusemi mama mwenye falanga kidogo alaze watoto na njaa. Sisi wenyewe tulinunua. Lakini mama watano wa likelemba moja wanaweza kununua pamoja kikapu cha samaki wakubwa na kugawana. Mara nyingi bei inashuka. Na muuzaji akiona wadogo wanabaki mezani, atamwambia mvuvi.

Jambo la pili ni maji. Takataka tunazotupa katika vijito, na matope ya wanaoosha mawe ya madini mtoni, hayaishii kwetu. Yanafuata njia ileile ya Lualaba. Samaki anayakunywa, naye anarudi sokoni kwetu. Kila kikundi kichague kijito kimoja cha mtaa wake na kukataza watu kutupa uchafu humo.

Mto huu unaendelea mbali, unakuwa Mto Congo, na mwisho unaingia baharini Muanda, ambako tangu 1992 kuna mbuga nyingine, ya mikoko. Waonyesheni watoto njia hiyo kwenye karata ya nchi. Mtoto akijua maji yanakwenda wapi, atafikiri kabla ya kutupa mfuko.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.