Maziwa ya Pakiti Si Barakoa

Mwaka ule karo iliponishinda nikaacha chuo, nilipata kibarua kwa karakana moja ya mageti Kawangware. Kila saa sita mdosi alimtuma kijana dukani alete maziwa, pakiti moja kwa kila mtu. "Kunyweni, yaoshe kifua." Tulikunywa. Nilidhani nimepata mwajiri mwenye utu.

Siku hizi nikiziona zile pakiti nakasirika. Hiyo ndiyo bima ya afya ya mafundi wengi wa Nairobi: wa rangi, wa kuchomelea, wa betri. Na ni uongo. Maziwa yanashuka tumboni, moshi unashuka mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Ndiyo, mtu aliyepungukiwa na kalsiamu anafyonza risasi zaidi, kwa hivyo lishe nzuri inasaidia kidogo. Lakini hakuna glasi inayoosha pafu.

Siku tukichomelea mabomba ya zinki, usiku nilitetemeka kama mtu wa malaria. Homa, jasho, mdomo una ladha ya sarafu. Asubuhi nimepona. Ugonjwa huo unajulikana, ni homa ya moshi wa metali, na kuna wanaouita homa ya Jumatatu, kwa sababu mwili ukipumzika wikendi unasahau kuvumilia, halafu Jumatatu unapigwa upya. Mafundi wakubwa walinicheka: "Utazoea, buda." Na kweli nilizoea.

Shida ni kwamba kuna metali ambazo mwili hauzoei, unaziweka tu. Moshi wa vijiti vya kuchomelea una manganisi, na ikizidi kwa miaka inaumiza ubongo, mikono inaanza kutetemeka na mwendo unakuwa mzito. Ukichomelea chuma kisichoshika kutu unavuta kromiamu. Mwaka wa 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwa kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani. Sigara iko kundi hilo hilo. Sasa fikiria mtu anakupa sigara saa tatu, halafu saa sita anakupa maziwa ya kuiosha.

Halafu kuna risasi, na si ile ya bunduki. Iko kwa betri za gari, kwa rangi kuukuu inayopigwa msasa, kwa solda. Mwili unaidhania kalsiamu, unaihifadhi kwa mifupa, na inaweza kukaa humo miongo. Mwanamke akiwa mjamzito au akinyonyesha, mifupa inapotoa kalsiamu inatoa risasi nayo. Inaleta presha, inaua figo, inakaza tumbo, inapunguza nguvu za kiume (ukitaka wanaume wasikilize, anza na hiyo). Kwa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hahitaji kufika karakana. Vumbi linamfuata nyumbani kwa shati la baba.

Nenda Luthuli Avenue saa saba mchana. Kijana wa kutengeneza simu anashika solda kwa vidole, ile ya kawaida ambayo karibu asilimia 40 ni risasi. Mtu wa smokie anapita, kijana ananunua, anakula na vidole vivyo hivyo. Moshi unamwasha kifua, lakini risasi yenyewe inapitia zaidi mdomoni. Sabuni na maji yangemsaidia kuliko ng'ombe mzima.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya Mombasa. Sawa, twende Mombasa. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru. Phyllis Omido alikuwa amefanya kazi hapo. Mtoto wake aliugua, akapimwa, damu ikapatikana na risasi, na ilikuwa imepitia maziwa ya mama. Maziwa, tena. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, na ni Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu iliirudisha. Miaka kumi baada ya lango kufungwa!

Na wao angalau walikuwa na lango la kuandamania. Kawangware utamshtaki nani? Ni karakana za mabati, kila moja na watu watatu, na mdosi mwenyewe anakohoa. Simtetei. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007, mwaka uleule wa kiwanda cha Owino Uhuru, na inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inatambua magonjwa ya kazi pia. Watu wa leseni walikuwa wanajua njia ya karakana yetu vizuri sana. Wa kupima hewa sikuwahi kumwona.

Mageti yetu yalivuka barabara kwenda Lavington. Wenyewe walikuja na magari, wakabishania bei mpaka elfu tatu ikatoka, wakapiga picha, wakaenda. Hiyo elfu tatu ilikuwa barakoa yangu yenye kichujio. Nawe unayesoma hii ndani ya bedsita, zile grili za dirisha lako kuna mtu alizivuta kwanza.

Nilipoumwa na tumbo wiki tatu nilienda kliniki, nikapewa dawa za vidonda. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Swali moja, la bure. Ningetaka liandikwe kwa kila kadi ya hospitali, chini ya umri.

Juzi nilirudi karakana. Nilimwambia mdosi anunue barakoa zenye vichujio, aweke maji na sabuni mlangoni, na vijana waache nguo za kazi hapo hapo. Akaniangalia. "Wewe si uliacha chuo? Saa hii umekuwa profesa?" Wakacheka, hata mimi nikacheka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, hiyo barakoa inauzwa pesa ngapi. Nikamwambia. Akatoa kikokotoo cha simu, akaanza kuhesabu pakiti.