Vitimbi Bila Ojwang'

Yupo jirani yangu hapa Isingiro ambaye kila tukikaa kwenye rubisi hunieleza kuwa Vitimbi ya KBC iliharibiwa na uzee. Eti mchezo ulikaa mno, vijana wakahamia kwenye Papa Shirandula ya Citizen, iliyoanza mwaka 2007. Mimi nasema hapana, na nitasema hapana hata akininunulia kibuyu kizima.

Miaka ya tisini nilikuwa kibarua Nairobi. Siku ya Vitimbi sebule ya mwenye nyumba wetu ilijaa Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, na mimi Mnyambo peke yangu, sote sakafuni mbele ya televisheni moja. Mzee Ojwang' akifungua mdomo, kile Kiswahili chake cha Kijaluo kiliwavunja mbavu Wajaluo wenyewe kuliko sisi. Nao walijua fika kuwa mwigizaji ni Benson Wanjau, Mkikuyu! Mbona hawakukasirika? Kwa sababu Ojwang' hakuwa lafudhi tu. Alikuwa baba mwenye kiburi, mkali panapotaka upole, na mwoga mbele ya mkewe, Mama Kayai. Kila mmoja wetu alimwona baba yake pale. Hata mimi nilimwona wangu, na baba yangu hakuwahi kuvuka mto Kagera.

Nilipoitazama tena miaka ya mwisho, lafudhi zilikuwapo tele, lakini baba hayupo. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa hodari vilevile, ila hana wa kugombana naye. Ugomvi wa wale wawili ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Yaliyobaki, kwa macho yangu, ni watu kupokezana vichekesho.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Tunausingizia uzee, kumbe ni sisi. Miaka na miaka tulicheka, hakuna aliyeuliza mzee yule anakula nini. Macho yalipomsumbua, ikabidi watu wachangishane ili atibiwe. Alifariki Julai 12, 2015, na siku hiyo kila mtu alijifanya mwanawe.

Jirani hujibu kuwa mwigizaji ni kama mchezaji wa mpira, akichoka hutolewa. Haya. Wiki iliyopita nikamwambia anitajie mhusika mmoja tu aliyeingia baada ya Ojwang'. Alitafuna kahawa yake mpaka tukaachana.