Mwanafunzi wa Ng'ambo Si Mfanyakazi wa Mgodini



Kila mwaka wako miongoni mwenu wanaomaliza masomo hapa shuleni wakiwa na hamu kubwa ya kwenda kusoma ng'ambo. Hamu hiyo ni njema, nami sitaki kuivunja. Lakini liko jambo moja lisilosemwa siku ya kuagana, wakati kuku wanapochinjwa na wazee wanapotoa baraka zao. Jambo lenyewe ni hili: katika miaka ile ya masomo, nani atamsaidia nani?

Mimi ni mzaliwa wa Chienge, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, katika Zambia. Jirani zetu ni watu wa Kongo. Kule Pweto ndiko mto Luvua unakotoka ziwani. Kiswahili nilikisikia kwanza kwa wachuuzi wa Kongo waliokuja kununua samaki wakavu, kisha nikafundishwa vizuri hapa shuleni. Sasa niko Uingereza, mwaka wa tatu wa chuo kikuu.

Watu wengi wa kwetu hudhani kwamba aliyepanda ndege amekwisha kupata. Sababu yake si ngumu kuielewa. Babu zetu wa pwani ya Mweru walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba, wengine Katanga, wengine Copperbelt, na aliyerudi alileta mablanketi, baisikeli na fedha. Tangu hapo twaamini kwamba mtu akienda mbali, hapana budi alete kitu. Lakini mtu wa mgodini alilipwa mshahara kwa kazi yake. Mwanafunzi hulipwa na nani? Yeye ndiye alipaye!

Nitawaeleza siku yangu. Asubuhi na mchana nipo darasani na katika maabara. Jioni naosha vyombo katika jiko la hoteli, kisha nafika chumbani karibu saa tano usiku, na vitabu vinaningoja. Hata nikitaka kufanya kazi zaidi, siwezi. Sheria ya Uingereza yamruhusu mwanafunzi wa shahada atokaye nchi za nje kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa muhula. Akizidisha, aweza kunyang'anywa ruhusa ya kukaa nchini. Fedha nizipatazo huishia katika kodi ya chumba, chakula na nauli ya basi.

Taabu hasa huja mwezi wa Desemba. Tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Mweru, ili samaki wapate kuzaa. Nyavu hutundikwa, na chisense, wale samaki wadogo tuwaanikao mchangani kama dagaa, hawaonekani tena. Mvua inanyesha, mahindi bado hayajakomaa, na mifuko ni mitupu. Wakati huo huo, huku kwetu ni majira ya baridi, giza huingia saa kumi jioni, na vyuo vingi hufanya mitihani mwezi wa Januari. Hapo ndipo simu inapoanza kulia. Huyu ataka mbolea, yule ataka sare za watoto, na mwingine ataka mtaji wa duka.

Mwanafunzi afanyeje? Wako wanaotuma kila kitu, wakaacha masomo ili wakaoshe vyombo, na mwisho wake wakashindwa mitihani. Wako wanaobadili namba ya simu wakanyamaza kabisa, na mama zao hawajui kama wa hai au wamekufa. Na wako wanaojipiga picha mbele ya gari la mtu mwingine, wakaipeleka nyumbani, kisha hushangaa wanapoombwa fedha! Kwa maoni yangu wote hao hawafai kuigwa, na wa mwisho ndiye huwaharibia wenzake.

Na tukumbuke mambo ya zamani. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa na watu wapatao mia moja tu waliomaliza chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Zambia kilipofunguliwa mwaka 1966, raia wa kawaida walikuwa wamekichangia, mwingine fedha, mwingine mahindi, mwingine kuku. Walitoa ili watoto wa nchi wasome, wala hawakutazamia kwamba kuku wao watarudi baada ya mwezi mmoja. Huko Kenya vile vile, mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake, na jamaa na majirani walichanga kuwasaidia. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960, akarudi mwaka 1966 akiwa na shahada mbili. Chama chake cha kupanda miti kilianza mwaka 1977, na Tuzo ya Nobeli ilikuja mwaka 2004. Faida ya elimu haiji kwa haraka.

Mtu aweza kuniuliza: "Je, njaa husubiri shahada?" Haisubiri, nami sisemi mwanafunzi awe na moyo wa jiwe. Mama akiugua, au kukiwa na msiba, na atume alicho nacho, hata kama atalala na njaa siku mbili. Lakini mbolea, sare na mtaji wa duka si kazi yake mpaka amalize masomo.

Basi shauri langu ni hili. Kabla ya safari, mwanafunzi na akae pamoja na wazazi na wajomba wake, wapatane waziwazi ni haja gani atakazosaidia na ni zipi zitakazongoja. Naye, kwa upande wake, awape habari za kweli: amepata alama gani, analipwa kiasi gani, chumba ni kiasi gani. Tena aweke siku maalumu ya kuzungumza nao. Mimi ni Jumapili alasiri, na siku hiyo siivunji, mtihani uwepo au usiwepo.

Mwaka jana nilimsomea mjomba wangu hesabu yangu yote, pato na matumizi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwana wa dada, kumbe wewe nawe uko katika miezi ya kufungwa ziwa." Tangu siku ile yeye mwenyewe ndiye anayewajibu jamaa wanaotaka mtaji. Wavuvi wa Mweru wanajua kuliko watu wote kwamba akamataye samaki wakati wa kuzaa hula leo na kulala njaa kesho.

Ndugu zangu mtakaosafiri mwakani, fanyeni hesabu hiyo pamoja na wazee wenu kabla basi halijaondoka kwenda Lusaka. Wazee wetu si wagumu wa kuelewa. Ila hakuna anayeweza kuelewa jambo asiloambiwa.